Kurekodi Muziki Nyumbani kwa Rekoda ya Traki Nyingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wanamuziki, walimu wa kwaya na viongozi wa vikundi vya ngoma wa Dodoma na mikoa jirani ambao wamenunua, wameazimwa au wanafikiria kununua rekoda ndogo ya traki nyingi ili warekodi kazi zao nyumbani. Majibu mengine ni mafupi kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Mengine yamerefushwa kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Rekoda ya traki nyingi ni chombo gani hasa?

Ni kinasa sauti kinachohifadhi kila sauti mahali pake, gitaa likakaa kwenye traki moja, besi kwenye nyingine na mwimbaji kwenye ya tatu, na kila traki ikaweza kusikilizwa, kufutwa, kurudiwa, kupandishwa au kushushwa bila kuzigusa nyingine. Kinasa sauti cha kawaida hukamata kila kinacholia chumbani na kukifunga pamoja. Ukigundua baadaye kwamba ngoma imemfunika mwimbaji, huna la kufanya ila kurudia wimbo mzima. Rekoda ya traki nyingi inakuwezesha pia kufanya kazi peke yako, traki baada ya traki, huku ukisikiliza kwenye hedifoni kile ulichokwisha kurekodi.

Kwa miaka mingi uwezo huo ulikuwa zaidi wa studio kubwa, hadi mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilipotoa Portastudio 144, chombo kilichotumia kaseti ya kawaida. Kaseti hiyo ilizungushwa kwa kasi maradufu na traki zote nne zilikwenda upande mmoja, hivyo kaseti ya dakika 60 ilitoa dakika 15 tu za muziki. Rekoda za leo hutumia kadi ya kumbukumbu, lakini slaida (vidhibiti vya kusogeza vya kupandisha na kushusha sauti) na vitufe vyake bado vimepangwa kwa mtindo uleule, na namna ya kufikiri inayodaiwa na chombo haijabadilika: ni lazima ujue wimbo wako utakuwa na nini kabla hujabonyeza kitufe chekundu.

Nina simu nzuri, na ndugu yangu ana kompyuta. Kwa nini nihangaike na rekoda?

Huenda huhitaji. Kama unatunga nyimbo na unataka tu kuhifadhi wazo lisipotee, simu inatosha kabisa. Kama kazi yako ni kutengeneza biti na kuimba juu yake, kompyuta yenye saundi kadi ya nje (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) na maikrofoni moja nzuri itakufaa kuliko rekoda, kwa kuwa utahariri kwa macho na hutabanwa na idadi ya traki.

Rekoda inashinda pale ambapo muziki unapigwa na watu wenye vyombo mikononi. Haina feni ya kupuliza kelele chumbani, haisimami katikati ya wimbo kwa sababu programu inajisasisha, inatumia betri, na inaingia kwenye mkoba ukaenda nayo Chamwino au Mpwapwa ambako mpiga zeze unayemtaka anaishi. Kuna faida nyingine ambayo wengi huiona baadaye: kwa kuwa haina kioo kikubwa cha kutazama, inakulazimisha usikilize.

Ninunue yenye traki ngapi?

Kabla ya kuuliza idadi ya traki, uliza chombo kinaweza kurekodi traki ngapi kwa wakati mmoja. Hizo ni namba mbili tofauti, na wauzaji hutaja ile kubwa. Tascam DP-008EX, kwa mfano, ina traki nane, lakini inarekodi mbili tu kwa mpigo. Zoom R16 inarekodi nane kwa mpigo na kuchezesha 16. Mtu anayejirekodi mwenyewe gitaa na sauti hatapungukiwa na chochote kwa kile cha kwanza. Kikundi cha watu watano ambao wamezoea kupiga pamoja, wakitazamana na kuitikiana, kitateseka nacho, kwa sababu ukiwatenganisha watu wa namna hiyo na kuwarekodi mmojammoja muziki wao hupoa.

Ukinunua chombo kilichotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu, nenda na hedifoni zako, kadi yako na maikrofoni moja. Jaribu kila tundu la kuingizia sauti, sogeza kila slaida taratibu ukisikiliza kama inakwaruza, na rekodi traki mbili kisha uzirudishe. Fungua kifuniko cha betri utazame kama vyuma vyake vina ukungu wa kijani au mweupe. Betri iliyovuja humaliza chombo polepole. Uliza pia ukubwa wa kadi inayokubaliwa, kwa sababu rekoda nyingi za zamani zinakomea kadi za SDHC, yaani gigabaiti 32.

Umeme wa nyumbani unatosha, au nitumie betri?

Vyote viwili, lakini kila kimoja kwa wakati wake.

Tazama kwanza adapta. Umeme wetu ni wa volti 230 na mzunguko wa 50 kwa sekunde, ilhali baadhi ya vyombo vilivyotumika huja kutoka Japani au Marekani vikiwa na adapta ya volti 100 au 120. Soma maandishi madogo yaliyo nyuma yake: ikiandikwa 100–240V, chomeka bila wasiwasi, ikiandikwa namba moja ndogo, usiichomeke hata kwa kujaribu. Adapta ya kubahatisha kutoka dukani nayo ina hatari yake, kwa maana volti zinaweza kulingana huku chanya na hasi zikiwa zimegeuzwa.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma kwenye hedifoni, chanzo chake mara nyingi ni umeme wenyewe au waya. Chomoa chaja za simu zilizo karibu, zima taa zinazopunguzwa mwanga, sogeza waya wa gitaa mbali na waya wa umeme, kisha ujaribu kuendesha rekoda kwa betri. Mvumo ukitoweka kwenye betri, umepata jibu. Wanaotumia umeme wa jua wenye inveta ya bei nafuu hupata mlio wa juu kama wa mbu. Kwa hao, betri ndiyo njia ya uhakika.

Betri za bei rahisi zinazotumika kwenye tochi hazivumilii kazi hii. Tumia za alkalini au za kuchaji, na kwenye menyu uiambie rekoda ni aina gani umeweka, kwa kuwa za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na kipimo cha chaji kitakudanganya usipofanya hivyo. Zaidi ya yote, kumbuka kwamba rekoda nyingi hukamilisha faili pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kilichorekodiwa kinaweza kupotea chote. Ukirekodi mtu ambaye hutampata tena kwa urahisi, kama mzee aliyetoka kijijini kwa ajili yako, weka betri mpya ndani hata kama adapta imechomekwa, mradi chombo chako kina uwezo wa kuhamia kwenye betri chenyewe.

Nirekodi chumba gani, na saa ngapi?

Swali hili lina uzito kuliko la aina ya maikrofoni, ingawa watu huulizana zaidi la pili.

Nyumba nyingi za Dodoma zina kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji au vigae, na bati juu. Kila kimoja kati ya hivyo hurudisha sauti. Simama katikati ya chumba kitupu upige kofi moja. Ukisikia mkia wa kofi ukiruka kati ya kuta, mkia huohuo utaingia nyuma ya kila neno la mwimbaji. Chumba cha kulala chenye godoro, kabati lililo wazi lenye nguo na mapazia mazito hushinda sebule yenye nafasi. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, si mbele yake, kwa sababu maikrofoni inamtazama yeye na kila kinachotoka ukutani nyuma yake. Blanketi nzito husaidia; khanga haizuii kitu. Kuhusu trei za mayai ambazo zimebandikwa katika vyumba vingi vinavyoitwa studio, hupunguza kidogo sana sauti za juu, hazizigusi za chini, hazizuii kelele za nje na hushika moto upesi. Hela ya gundi ingenunua blanketi.

Saa ni jambo la pili. Mchana wa kiangazi upepo wa Dodoma huingia kwenye nafasi ndogo za madirisha ya alumini na kupiga mluzi ambao hutausikia ukiwa unaongea lakini utausikia kwenye traki. Jioni, jua linapozama na hewa kupoa haraka, bati nalo hujikunja: linalia ta, kimya, ta-ta, na linaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu hasa kama hakuna dari. Kwa hiyo usianze saa moja jioni ukidhani utulivu umefika. Kuanzia kama saa nne usiku bati huwa limepoa, bodaboda zimepungua na upepo aghalabu umetulia. Mpaka adhana ya alfajiri na majogoo una saa kadhaa za kazi safi, ukiondoa mbwa. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, usipange kazi ya sauti laini alasiri chini ya bati lisilo na dari, maana mvua ikishuka hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Tumia muda huo kurekodi vyombo vya umeme vinavyoingia moja kwa moja kwa waya, kama gitaa la besi na kinanda.

Kabla ya traki ya kwanza, rekodi dakika moja ya ukimya, kisha uisikilize ukiwa umepandisha sauti. Jokofu, feni, saa ya ukutani, redio ya jirani: vyote vitajitaja.

Nitumie maikrofoni ya aina gani?

Kwa kuanzia, maikrofoni ya dainamiki, ile ya kawaida ya jukwaani. Aina kama Shure SM58 hukamata zaidi kilicho karibu na midomo na kuacha sehemu kubwa ya kelele za chumba, haihitaji umeme, na haiogopi vumbi wala kudondoka. Maikrofoni ya kondensa husikia kwa undani zaidi, uzuri na ubaya: pumzi ya mwimbaji, ncha za kucha kwenye nyuzi, na pia jenereta ya mtaa wa tatu. Nyingi za aina hiyo huhitaji umeme wa volti 48 unaopelekwa na rekoda kupitia waya wenyewe wa maikrofoni. Hakikisha chombo chako kinautoa na kwenye matundu yapi, kwa kuwa rekoda nyingi huutoa kwenye matundu mawili tu. Washa baada ya kuchomeka na uzime kabla ya kuchomoa. Umeme huo hula betri haraka.

Maikrofoni ndogo zilizojengwa ndani ya rekoda zisidharauliwe. Kwa zeze au gitaa kavu lisilo la umeme, rekoda ikiwekwa juu ya kigoda chenye kitambaa kilichokunjwa, mahali pazuri, matokeo yake hushangaza.

Sauti iingie kwa nguvu kiasi gani?

Kilele cha sauti kifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya mwisho wa kipimo cha rekoda, na kisiguse sifuri kamwe. Katika kaseti, kuzidisha kidogo kulileta joto ambalo watu walilipenda. Katika kadi, sauti inayovuka sifuri hupasuka, na mpasuko huo hautoki tena. Mwambie mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, si mstari wa kwanza, ndipo upime. Kisha punguza tena kidogo, kwa sababu kila mtu huimba kwa nguvu zaidi taa nyekundu inapowaka. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, rekodi kwa biti 24 badala ya 16 (namba inayoonyesha undani wa sauti inayohifadhiwa), na hutakuwa na sababu ya kuogopa kuingiza sauti ndogo.

Nianze na chombo kipi?

Anza na kile ambacho hakiwezi kukubali kubadilishwa. Katika bendi ya kawaida hicho ni mapigo: ngoma au kliki (mlio wa kuhesabu mapigo unaosikika kwenye hedifoni) kwanza, kisha besi, gitaa la kati, gitaa la solo, waitikiaji, na mwimbaji mwisho. Rekodi pia traki ya mwongozo mwanzoni kabisa, mwimbaji akiimba kwa sauti ya kawaida na gitaa moja, ili wanaofuata wajue wako ubeti gani. Traki hiyo itafutwa baadaye, hivyo haihitaji kuwa nzuri. Kabla ya hayo yote, chukua karatasi uchore mistari minane, uandike kila traki itabeba nini. Ukikuta unataka vitu kumi na moja kwenye traki nane, ni afadhali ugundue hivyo kwenye karatasi.

Kwa muziki wa Wagogo mpangilio hubadilika, na hapa ndipo nimeona kazi nyingi zikiharibika bila watu kujua kwa nini. Ilimba, chombo cha Wagogo chenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole, haikupangwa kwa kufuata kinanda. Wataalamu wa muziki wameeleza kwamba sauti za Wagogo hufuata mfululizo wa asili wa mitetemo, uleule unaosikika uzi mmoja unapogawanyika wenyewe katika nusu, theluthi, robo na kuendelea. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya ile ya kinanda iliyo karibu nayo zaidi kwa takribani theluthi moja ya hatua kati ya kitufe cheupe na cheusi kinachokifuata. Masikio ya aliyesikiliza Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003 akiwa ameifikisha ilimba mbali sana duniani, yanaijua sauti hiyo hata kama hayana jina lake. Ukirekodi kinanda kwanza kisha ukampa mpiga ilimba hedifoni, atasikika kana kwamba chombo chake kimeharibika, na wapo waliothubutu kumwambia apinde vyuma vyake ili afanane na kinanda.

Fanya kinyume. Rekodi ilimba kwanza, pamoja na anayeimba kama amezoea kufanya vyote kwa pamoja, halafu ulinganishe gitaa na ilimba kwa sikio, uzi kwa uzi. Kinanda ukiweza ukiache. Kitufe cha kupandisha na kushusha kinanda kizima hakitasaidia, kwani kinasogeza sauti zote kwa kiasi kimoja. Kama ni lazima kiwepo, kipige sauti zile tu zinazokubaliana na uziruke nyingine. Usimpe mpiga ilimba kliki pia. Mpe mtu wa kayamba akae mbele yake, na kayamba hiyo ndiyo itakayowaongoza wanaorekodi baadaye.

Mlio wa kutetemeka unaotoka kwenye tundu la ilimba lililofunikwa utando wa buibui si hitilafu ya kuondolewa. Ni sehemu ya sauti. Weka maikrofoni umbali wa shubiri mbili hivi, ikitazama kati ya tundu na vidole, kisha uizungushe taratibu huku ukisikiliza mpaka mlio na noti vilingane.

Kikundi chetu kina akina mama wa muheme. Nawezaje kurekodi ngoma bila kufunika waimbaji?

Toka nje. Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, hupigwa ikiwa imebanwa kati ya mapaja, na mlio wake mzito ukiingia katika chumba kidogo hujaa kwenye pembe zote hadi usijue ngoma iko wapi. Uwanja wenye udongo, ukuta mmoja tu nyuma yako wa kukinga upepo, na asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, ni studio bora kuliko chumba. Funika maikrofoni kwa sponji nene, kwa sababu hata upepo usiousikia huingia kama ngurumo.

Kama una matundu mawili, weka maikrofoni mbili pamoja, vichwa vikikaribiana na kutazama kushoto na kulia, mbele ya kikundi kwa mita mbili au tatu, halafu upange watu badala ya kupanga slaida: waimbaji mbele, ngoma nyuma. Rekodi nusu dakika, sikiliza, msogeze mama mmoja hatua mbili nyuma, rekodi tena. Ukiwa na matundu zaidi, ongeza maikrofoni ya kiongozi wa nyimbo karibu na mdomo wake, na ya ngoma kubwa. Kwa hizi za kuongeza, umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya kila maikrofoni na chombo chake. Pungufu ya hapo, sauti moja inayofika sehemu mbili kwa nyakati tofauti itajila yenyewe na kusikika nyembamba.

Na kwaya?

Taratibu ni hizohizo, ila ndani ya kanisa na vipaza sauti vyote vikiwa vimezimwa. Panga nusu duara, inua maikrofoni mbili juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele, na uwaombe waliozoea kuimba kwa nguvu warudi nyuma. Solo irekodiwe baadaye nyumbani. Kwaya ya watu wachache inaweza kuimba wimbo uleule mara mbili kwenye traki tofauti, ikaonekana kubwa, lakini isizidi mara hizo mbili. Makosa ya matamshi nayo huongezeka.

Traki zimekwisha na bado nina sauti za kuongeza. Nifanye nini?

Zikusanye. Chukua traki nne zilizokamilika, tuseme waitikiaji wanne, zipange uwiano wake, kisha uziagize zirekodiwe kwenye traki mbili mpya. Zile nne sasa unaweza kuzitumia upya. Tahadhari ni moja: baada ya kukusanya huwezi tena kumshusha mmoja wa wale wanne. Kwa hiyo sikiliza mchanganyiko huo pamoja na wimbo mzima kabla ya kukusanya, na nakili traki za awali kwenye kompyuta kabla ya kuzifuta.

Mwimbaji amekosea neno moja tu. Lazima arudie ubeti?

Hapana. Rekoda nyingi hukuruhusu kuweka alama ya kuanzia na ya kuishia, nazo hurekodi kati ya alama hizo tu. Weka alama mahali pa kuvuta pumzi, si katikati ya neno, na mwimbaji aanze kuimba mstari mmoja au miwili kabla, ili sauti yake iwe imekwisha kupata moto anapofika kwenye sehemu iliyokosewa. Fanya hivyo siku hiyohiyo. Sauti ya mtu ya Jumamosi usiku na ya Jumatatu asubuhi hazifanani, na kiraka kitaonekana.

Kadi ya ukubwa gani inahitajika?

Traki moja ya biti 24 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 8 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye traki nane huchukua takribani megabaiti 250. Kadi ya gigabaiti 32 itabeba nyimbo zaidi ya 100 za namna hiyo. Ukubwa, basi, si tatizo. Tatizo ni kadi bandia, ambazo huandikwa gigabaiti nyingi lakini zikijaa kidogo huanza kufuta au kuharibu kilichomo. Ijaze kadi mpya faili za kawaida mpaka mwisho kwa kutumia kompyuta, uzifungue kuhakikisha ni nzima, halafu uifomati ndani ya rekoda yenyewe. Kila usiku wa kazi nakili ulichorekodi mahali pengine pawili.

Nichanganye sauti kwa hedifoni au kwa spika?

Kwa hedifoni zinazofunika sikio lote, halafu uhakikishe kwa spika. Hedifoni ndogo za simu huvujisha sauti wakati wa kurekodi na hudanganya kuhusu besi. Anza na mwimbaji, mlete kila mmoja baada yake, na chombo kisiposikika jaribu kwanza kushusha vingine kabla ya kukipandisha hicho. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kwenye sauti za waimbaji. Hapo hakuna uimbaji, kuna miguu ya watu na upepo. Mwangwi wa kuongezwa uweke, uufurahie, halafu uupunguze nusu.

Kisha peleka wimbo kwa wasikilizaji wako halisi: spika ya simu, redio ndogo ya jikoni, spika za bajaji inayotembea. Simu nyingi zitaunganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, na hapo ndipo utagundua kama gitaa uliloliweka pembeni linatoweka. Usikamilishe mchanganyiko usiku uleule uliorekodi, masikio yakiwa yamechoka.

Vumbi la Dodoma litaiua rekoda?

Litaziua slaida kwanza. Funika chombo kwa kitambaa kila usipokitumia, na ukisafiri nacho kifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Safisha kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu; usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate huganda na vumbi ndani, na usitumie mafuta ya aina yoyote.

Nikirekodi wimbo wa asili, ni wangu?

Rekodi ni kazi yako. Wimbo wenyewe si wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda watunzi, wasanii watendaji na watayarishaji wa rekodi, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kwa hiyo kabla ya kuuza au kusambaza, andika majina ya walioimba na waliopiga, kubalianeni mgawo mbele ya kikundi kizima, na ufike Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kupata maelekezo ya usajili. Makubaliano ya mdomo na mtu mmoja wa kikundi yameleta ugomvi vijijini.

Prodyuza wa Dar es Salaam anataka kumalizia kazi yangu. Nimtumieje?

Mtumie traki mojamoja katika muundo wa WAV (faili la sauti isiyobanwa), si wimbo uliochanganywa na wala si MP3. Baadhi ya rekoda huhifadhi traki katika muundo wake wa ndani, hivyo ni lazima uingie kwenye menyu na kuziagiza zitolewe kama WAV kabla kompyuta haijaziona. Kila traki ianze sekunde ya sifuri ya wimbo, hata kama chombo hicho kinaingia dakika ya tatu, ili akizipanga zilingane zenyewe. Zipe majina yanayoeleweka, kama 01-ilimba, 02-kayamba, 03-sauti-kiongozi, na uondoe mwangwi na vikolezo vyote ulivyoongeza. Ambatisha pia mchanganyiko wako mwenyewe, hata uwe mbichi, aone ulitaka nini kisikike mbele. Na kama kuna ilimba ndani, mwandikie waziwazi asiisahihishe kwa programu ya kurekebisha noti.